Madame, Mama, Bi au Ms? Jibu kwa sekretere wa Bukavu

Swali la msomaji:

"Jambo Mama. Mimi ni sekretere wa shirika dogo la akina mama wakulima hapa Bukavu. Mwezi uliopita nilitayarisha mialiko 40 ya mkutano mkuu, mingine kwa Kifaransa, mingine kwa Kiswahili. Kwenye ya Kifaransa, kwa kila mwanamke aliyeolewa niliandika 'Madame' na jina la bwana yake, jinsi nilivyofundishwa. Watatu hawakufurahi. Mmoja alirudisha bahasha akisema hakuna mtu wa jina hilo nyumbani kwake. Wa pili nilimwandikia 'Mama Furaha' kwa sababu ndivyo nilivyosikia wanamwita kanisani. Hakusema neno, na hakuja. Wa tatu ni mgeni kutoka Dar es Salaam. Nilimwandikia 'Bibi', akaniuliza kama namwona mzee. Sasa tunatayarisha mialiko mingine, na safari hii kuna wageni wa kuandikiwa kwa Kiingereza. Niwaite vipi wanawake walioolewa bila kuwakosea?"

Jibu:

Jambo binti yangu, na pole kwa bahasha iliyorudi. Nimeandika barua za ofisi hapa Bukavu tangu siku za mashine ya kupiga chapa, kisha nikafundisha wasichana kazi hiyo hiyo. Makosa yako matatu ni ya mtu aliyetaka kutoa heshima. Tatizo ni kwamba heshima yenyewe ilishukia kwa jirani: mmoja ulimheshimu mume wake, mwingine ukamheshimu mtoto, wa tatu ukaheshimu miaka ambayo hana.

Nianze na jibu fupi ili kazi yako isisimame. Kwa Kifaransa andika "Madame" na jina lake mwenyewe, lote, kama lilivyo kwenye kadi yake. Kwa Kiswahili cha hapa kwetu andika "Mama" na jina lake mwenyewe. Ukimwandikia mtu wa Tanzania au Kenya, andika "Bi." Kwa Kiingereza andika "Ms". Akiwa na cheo cha kazi, cheo hicho ndicho kinachotangulia. Na mwanamke akikuambia kwamba anapenda kuitwa vingine, neno ni lake, hakuna kanuni inayomshinda. Ukitaka unaweza kuishia hapa urudi kazini. Mimi naendelea, kwa sababu najua kesho utakutana na jina ambalo sikulitaja, na hapo kukariri hakutakusaidia.

Tuishike ile bahasha iliyorudi. Wewe ulifundishwa, kama nilivyofundishwa mimi, kwamba msichana akishatolewa mahari na kupita kwa état civil, ofisi ya serikali inayoandikisha ndoa, basi amekuwa "Madame Bahati" ikiwa bwana yake ni Bahati. Desturi hiyo ilitujia pamoja na Kifaransa, na wengi tunadhani ni sheria. Hata kwa Wafaransa wenyewe si sheria. Tangu 23 Agosti 1794, wakati wa mapinduzi yao, sheria ya Ufaransa inasema raia hawezi kubeba jina lingine isipokuwa lile lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Jina la mume ni mazoea ambayo mke anaruhusiwa kuyatumia akipenda. Jina lake la kuzaliwa halifutiki.

Hapa kwetu jambo liko wazi zaidi. Chukua kadi ya mpiga kura ya mwanamke yeyote wa Ibanda, Kadutu au Bagira, hiyo hiyo tunayoitumia kama kitambulisho, uisome. Utakuta nom, post-nom, prénom, yaani jina, jina linalolifuata, na jina la ubatizo. Ameolewa miaka 30, ana wajukuu, na bado majina matatu yaliyo pale ni yale aliyopewa kwa baba yake. Jina la Bahati halimo. Kwa hiyo aliyekurudishia bahasha hakukutukana. Alisoma jina, hakulijua, akarudisha, kama mtu yeyote angefanya.

Halafu fikiria jinsi mwaliko unavyosafiri katika mji wetu. Hakuna mtu wa posta anayebisha hodi. Unampa motari, yule wa pikipiki, au kijana wa ofisi, anapanda hadi Nguba au anashuka Essence, anasimama kwenye kona ya avenyu na kuuliza. Anayeulizwa ni mama anayeuza ndizi hapo kona. Huyo anamjua jirani yake kwa jina lake, au kwa jina la mtoto wake. Bwana Bahati anatoka alfajiri na kurudi usiku. Mama wa ndizi hajui hata kama anaitwa Bahati. Mwaliko unazunguka nusu siku, kwa sababu tu uliandika jina la asiyealikwa.

Na kuna jambo ninalolipenda sana ambalo shule haikutufundisha. Wazee wetu hawakuwa na "Madame Bahati". Kwa Bashi, kabila la hapa Bukavu na vilima vyake, binti anatambulishwa kwa ukoo alikotoka: M' inawekwa mbele ya jina la baba, hivyo M'Bisimwa ni binti wa Bisimwa. Anaolewa, anahamia kilima kingine, anazaa, anazeeka, na wakwe zake wanaendelea kumwita M'Bisimwa. Maana yake ni kwamba kila anapoitwa, watu wanakumbushwa kuwa huyu mwanamke ana kwao, ana baba, ana ndugu, hakuokotwa njiani. Nikisikia kijana wa mjini akisema kwamba kumwandika mke kwa jina lake mwenyewe ni mambo ya kizungu, ninamwomba aende Kabare au Walungu akawasikilize vikongwe.

Njia ya katikati ipo pia, nayo umeiona kwenye habari kila siku. Mke wa Rais wetu anaandikwa Denise Nyakeru Tshisekedi. Aliyemtangulia, Marie-Olive Lembe Kabila. Jina lake la kwao linabaki, la mume linafuata nyuma. Kuna akina mama wengi wanaopenda hivyo. Wapo pia wanaotaka kabisa "Madame Bahati", tena kwa fahari: amejenga nyumba na mtu huyo, jina hilo ni jasho lake. Huyo usimsahihishe. Mwandikie Madame Bahati kwa herufi nzuri. Ninachokataa ni kuamuliwa na mtu wa ofisini ambaye hajamuuliza.

Hapo pana mtego mdogo wa Goma nikutahadharishe, maana najua mna wanachama kule. Wanande, kabila la Kivu ya Kaskazini, huwapa watoto majina kufuatana na mpango wa kuzaliwa, ndiyo maana utakutana na kina Masika, Kahindo, Kavira na Kanyere wengi. Ukiandika "Madame Kahindo" tu, kwenye ukumbi mmoja wanaweza kusimama wanne. Kwa hao usiache post-nom wala prénom, hata kama bahasha ni ndogo.

Mtu akialikwa pamoja na mumewe, usijifiche nyuma ya neno "Couple". Unazijua zile kadi za harusi zinazouzwa zikiwa tayari zimechapwa: "M., Mme, Mlle, Couple", kisha mstari wa nukta nukta. Mwenye harusi anazungushia "Couple" kwa kalamu ya biki, anajaza "Bahati", basi. Kwa harusi inapita, kwa sababu lengo ni kuhesabu viti. Kwa mkutano mkuu wa shirika ambapo mwanachama ni mke na mume anamsindikiza, umemfanya mwanachama wako kuwa msindikizaji wa msindikizaji wake. Andika majina mawili kamili, na anza na la mwanachama.

Na lile "s/c" linaloandikwa kwenye bahasha, "kwa kupitia kwa bwana yake", acha kabisa. Zamani lilikuwa na mizizi katika sheria: Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya matendo ya kisheria. Marekebisho ya 15 Julai 2016 yaliiondoa ruhusa hiyo. Ofisi inayoendelea kumfikia mwanachama kwa mgongo wa mume iko nyuma ya sheria ya nchi.

Sasa tuje kwa Mama Furaha. Hapa nataka tukae, maana hapa ndipo unapoweza kumuumiza mtu bila kujua.

Kwetu "Mama" ni neno pana sana. Mwanamke mzima yeyote ni mama: muuzaji wa Kadutu, mkurugenzi, msichana wa miaka 20 mwenye mtoto mgongoni, na hata binti mdogo wa miaka mitatu ambaye baba yake anamwita "mama" kwa sababu alirithi jina la bibi yake mzaa baba. Neno hili halimwulizi mtu kama ana pete wala kama amezaa. Ndiyo maana nalipenda kuliko "Madame". Ukisema "Mama Solange" kwa mwanamke ambaye mwenyewe anaitwa Solange, umempa heshima na jina lake kwa pamoja, hata kama hajaolewa na hana mtoto.

Lakini "Mama Furaha" kwa maana ya "mama wa mtoto anayeitwa Furaha" ni jambo lingine, na kwa Kiswahili chetu maneno yenyewe hayatofautishi. Mtu akisikia "Mama Solange" hajui kama Solange ni yeye au ni binti yake, mpaka aseme "mama ya Solange". Wewe ulisikia kanisani, ukaandika. Je, Furaha ni nani? Huenda ni jina lake mwenyewe, na wewe umedhani ni la mtoto. Huenda ni mtoto wa mume kwa mwanamke mwingine, aliyemlea kwa upendo lakini hapendi lichapwe kwenye karatasi. Huenda ni mtoto wake wa kwanza, na hayupo tena duniani.

Nilikuwa na jirani Kadutu ambaye mzaliwa wake wa kwanza alifariki akiwa na miaka sita. Mtaa mzima ulikuwa ukimwita kwa jina la mtoto huyo. Baada ya matanga watu walichanganyikiwa. Wengine wakahamia jina la mtoto wa pili siku ile ile, wakiamini wanamhurumia. Wengine wakawa wanamwita "mama" kavu, wakiinamisha macho. Siku moja tulikuwa bombani tunasubiri maji, akaweka bidoni yake chini na kutuambia tuendelee na lile la kwanza. Alisema wakiliacha wote, hakuna mwingine atakayelitaja. Nikamwita hivyo mpaka alipohama. Lakini nimemjua pia mama mwingine, wa familia yangu mwenyewe, ambaye kwake jina la namna hiyo lilikuwa kisu. Alibadili hata kanisa ili apate watu wasiomjua kwa jina hilo. Msiba ulikuwa mmoja, majibu mawili, na hakuna mtu wa nje ambaye angeweza kujua lipi ni la nani bila kuambiwa.

Kwa hiyo mimi nina sheria yangu: "Mama" na jina la mtoto ni la mdomoni, kwa watu wanaomjua. Kwenye bahasha, orodha na cheti, andika "Mama" na jina lake mwenyewe. Kisa kimoja tu kinaruhusu vinginevyo: yeye mwenyewe akitia sahihi au akijitambulisha hivyo mbele yako. Wapo wanaopenda, tena sana. Mama wa mapacha, kwa mfano: Lubumbashi atakuambia kwa sauti kubwa kwamba yeye ni Mama Mapasa, na akiwa Muluba atataka Mwambuyi, kwa sababu Mbuyi ni jina la pacha wa kwanza na Kabanga ni la wa pili. Hicho ni cheo alichokipata kitandani mwa uzazi. Mpe, kama ndivyo anavyotaka.

Na mwanamke aliyeolewa asiye na mtoto? Usimwundie jina. Nimesikia watu wakimwita "Mama Baraka" kwa kumtakia mema. Wanamtakia mema mbele ya ukumbi mzima, na ukumbi mzima unageuka kumtazama tumbo. Mama na jina lake, yatosha.

Mgeni wako wa Dar es Salaam hakukasirika bure, na wewe hukukosea Kiswahili chako. Ni neno lililogeuka njiani. Hapa Bukavu, Goma na Lubumbashi, "bibi" ni mke: mtu anasema "bibi yangu" akimaanisha mke wake. Mzaa mama au mzaa baba tunamwita koko, na watu wa Lubumbashi watasema nkambo. Ukivuka Ziwa Tanganyika hadi Tanzania, "bibi" ndiye huyo koko. Uliandika "Bibi" ukidhani unasema "mke wa watu, mtu wa heshima"; yeye akasoma "ajuza".

Wao kwenye maandishi wanatumia kifupi: "Bw." kwa mwanamume na "Bi." kwa mwanamke, na kufuata jina kamili. Hiyo "Bi." haiulizi ndoa. Katika mazungumzo ya pwani na Unguja, "Bi Asha" ni heshima tamu kwa mwanamke mzima. Na usitafute jina la mume kwa hao, hasa akiwa Mwislamu: atakupa jina lake, la baba na la babu. Rais wao ni mfano mzuri. Anaitwa Samia Suluhu Hassan, majina ya upande wa baba yake; mume wake ni Hafidh Ameir, na hakuna anayemwita mke Bi. Ameir. Raia wanamwita Mama Samia, na kwenye barua ni Mheshimiwa Rais. Basi kwa mgeni wako: "Bi." na majina yake yote kwenye bahasha, na akifika mlangoni msalimie "Mama".

Kiingereza kinatisha watu zaidi ya kinavyostahili. Wana maneno matatu: "Miss" kwa asiyeolewa, "Mrs" kwa aliyeolewa, na "Ms", linalotamkwa kama "miz", kwa mwanamke yeyote. Miss na Mrs ni watoto wa neno moja, "mistress", yaani bibi mwenye nyumba au mwenye mamlaka. Katika karne ya 18 "Mrs" lilikuwa cheo cha mwanamke mwenye hadhi, mwenye biashara au msimamizi wa nyumba kubwa, awe ameolewa au la. Baadaye ndipo likafungwa kwenye ndoa, tena likafungwa sana: mke wa John Smith akawa "Mrs. John Smith", na jina lake la ubatizo likapotea kwenye bahasha. Mjane aliendelea na jina hilo. Aliyeachika ndiye aliyerudishiwa jina lake la kwanza, kana kwamba ni adhabu.

"Ms" lilipendekezwa gazetini huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1901, na sababu waliyoitoa ni hiyo hiyo yako: mwandishi wa barua hajui kama huyu ameolewa, na hataki kumkosea. Halikushika. Lilishika miaka ya 1970, lilipobebwa na wanawake waliodai haki zao, na jarida lililoanzishwa 1972 likalichukua kuwa jina lake. Gazeti la New York Times lilikataa kulitumia hadi 1986. Leo ni neno la kawaida la ofisi. Waingereza huliandika bila nukta, Wamarekani huweka nukta. Fuata mtindo wa anayepokea. Ila kama mgeni ametia sahihi barua yake "Mrs" fulani, mjibu kwa "Mrs" na jina lile lile alilolitumia. Mtu akishajitaja, usimrekebishe. Na wanapenda barua ianze na cheo na jina la ukoo: "Dear Ms" fulani.

Hapo ndipo wanapotofautiana na Kifaransa, na mialiko yetu mingi huchanganya hizi mbili. Kwa Kifaransa salamu ya barua ni "Madame," peke yake, kisha mkato. Jina linakaa kwenye bahasha na juu ya anwani. "Madame Bahati," ndani ya barua kwa Mfaransa ni kama kumwita mtu sokoni. Usifupishe pia unapomwandikia mwenyewe: "Madame" kamili kwenye bahasha na kwenye salamu, "Mme" ni la kumtaja mtu wa tatu ndani ya maandishi, bila nukta. Na ile "Mr" mnayoiweka mbele ya "Mme" kwenye mialiko ni ya Kiingereza. Ya Kifaransa ni "M." yenye nukta.

Kuhusu "Mademoiselle", neno la asiyeolewa: kama hujui, usiguse. Ufaransa iliiondoa kwenye fomu za serikali kwa waraka wa Waziri Mkuu wa 21 Februari 2012. Waraka huo si wa kwetu, lakini sababu yake inatuhusu: mwanamume anaandikwa Monsieur tangu anapobaleghe hadi kaburini, hakuna anayemuuliza habari za ndoa. Wenye umri wangu tunakumbuka wakati ambapo hata hapa hakuna aliyeulizwa. Nchi ilipokuwa Zaire, wanaume wote walikuwa "citoyen" na wanawake wote "citoyenne", yaani raia, mjane, mke na msichana, hadi hotuba ya Mobutu ya 24 Aprili 1990 iliporudisha uhuru wa kusema Monsieur na Madame. Siutamani utawala ule hata kidogo. Lakini niliandika barua miaka mingi bila kuhitaji kujua nani amelala na nani, na kazi ilikwenda. Mwanamke wa miaka 40 asiyeolewa akiingia ofisini kwako, ni Madame. Walimu wetu wa shule ya msingi wote tuliwaita Madame, na nusu yao walikuwa hawajaolewa.

Mjane ni Madame vile vile, na jina lake. Neno "Veuve" mbele ya jina la marehemu lina kazi kwenye karatasi za urithi. Kwenye mwaliko wa kikao cha mbegu za maharagwe linamfungulia kidonda bila sababu. Aliyeachana na mumewe naye ni Madame na jina lake, na hapo utaona faida ya kuwa ulimwandika kwa jina lake tangu mwanzo: hakuna cha kubadilisha.

Vyeo vya kazi havina shida. Mwanasheria ni "Maître", mwanamume au mwanamke. Daktari ni "Docteur". Mtawa ni "Ma Sœur" kwenye barua, hata kama mdomoni sote tunasema masere. Shida iko kwa vyeo vinavyovuka kitanda. Kwa desturi ya zamani ya Kifaransa, "Madame" na cheo ilikuwa mke wa mwenye cheo, na bado hapa watu husema Madame Colonel au Mama Pasta kwa mke wa kanali na mke wa pasta. Mama Pasta ninamwachia, kwa sababu kanisani mke wa pasta kweli ana kazi: anaongoza akina mama, anazuru wagonjwa, watu wanampigia simu usiku. Madame Colonel hapana. Nchi hii ina wanawake wanaovaa vyeo vyao wenyewe mabegani, na tangu 2024 Waziri Mkuu wetu ni mwanamke, Judith Suminwa Tuluka. Tukiendelea kugawa vyeo kwa njia ya ndoa, siku moja utamwandikia kanali mwenyewe na watu watadhani umemwandikia mke wa kanali.

Mama mkwe wako, kama umeolewa au utakapoolewa, ndiye pekee ambaye kalamu inaruhusiwa pale mdomo unapokatazwa. Desturi nyingi za kwetu hazikuruhusu kumtaja kwa jina. Kwenye bahasha andika jina lake kamili. Ukimkabidhi, sema "Mama" tu.

Sasa kazi ya wiki hii. Kwenye daftari la wanachama ongeza safu mbili: moja "anavyopenda kuandikwa", nyingine "anavyopenda kuitwa". Usijaze mwenyewe kwa kukisia. Piga simu 40. Ni asubuhi moja. Sema hivi: "Jambo Mama, ni sekretere wa shirika. Tunatayarisha mialiko. Ungependa tuandike jina lako namna gani?" Hakuna atakayechukia swali hilo. Wengi watafurahi, na wengine watacheka kidogo kwa aibu kwa sababu hawajawahi kuulizwa.

Aliyerudisha bahasha mpigie wa kwanza, umwombe radhi kwa sentensi moja bila maelezo marefu. Mgeni wa Dar mwandikie upya.

Lakini kwa yule uliyemwita Mama Furaha usipige simu. Nenda. Chagua saa za jioni, akiwa amemaliza kazi za nyumbani. Usimuulize Furaha ni nani. Mwambie kwamba ulikosea jina lake kwenye mwaliko na kwamba umekuja kuuliza lililo sahihi. Akikuambia habari za Furaha, kaa chini usikilize, hata giza likiingia. Akikuambia jina tu, toa kalamu, liandike mbele yake kwenye mwaliko mpya, na umkabidhi kwa mikono miwili.